Vise nane za disiki: dola kumi nilizopoteza mjini, na meza ya muzee wa Birere

Disiki zangu mbili zimeishi miaka mitatu ndani ya kasha la kompyuta zikiwa zimeshikiliwa na skochi (utepe wa gundi) na vipande vya katoni ya maziwa. Teknisye aliyekuja kubadilisha alimentasyo, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, alizitazama, akanitazama mimi, akafunga kasha bila kusema neno. Naandika haya kwa sababu nina hakika kuna mtu mwingine hapa Goma mwenye katoni ndani ya kompyuta yake, na sitaki azunguke kama nilivyozunguka mimi.

Chanzo chake ni mlima. Ninafanya montaji (uhariri) ya video za harusi hapa mtaani Katindo. Alhamisi ile ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kutapika, tulipoambiwa tutoke mjini, sikuweza kubeba kasha zima hadi Sake. Nilifungua ubavu wake, nikatoa disiki mbili zenye harusi za watu, mabatizo, kolasyo (sherehe za kuhitimu) za wanafunzi na mazishi mawili, nikazifunga ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Vise nane, yaani skrubu zilizokuwa zimezishika, nikazitia kwenye kikombe cha chai mezani, nikijiambia nitazikuta. Tuliporudi, kikombe kilikuwa sakafuni, vipande viwili. Vise, hakuna hata moja. Siku zile ardhi ilikuwa inatetemeka usiku na mchana, na nyumba yetu ni ya mbao: kati ya ubao na ubao kuna nafasi inayomeza hata kijiko.

Ningeendelea na katoni hadi leo kama si sauti. Mteja mmoja alitaka majina ya familia mbili yasomwe juu ya picha za mahari. Nikayasoma mwenyewe usiku, mtaa umenyamaza, na chini ya sauti yangu nikasikia kitu kinanguruma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Nikaulaumu umeme. Lakini umeme wetu ni wa hertz 50, na mngurumo wake unajulikana: husimama kwenye 50 na kwenye 100. Nilipotazama mchoro wa sauti kwenye programu, mistari miwili ilikuwa imesimama kwingine kabisa, kwenye 90 na kwenye 120. Ilinichukua siku mbili kuelewa. Disiki moja huzunguka mara 7200 kwa dakika. Gawanya kwa 60, unapata 120. Nyingine 5400; gawanya, 90. Kumbe zilikuwa disiki zenyewe zinaimba, bati la kasha linaitikia, meza inapeleka wimbo hadi kwenye maikrofoni. Niliweka kiganja juu ya kasha: linatetemeka kama pikipiki ya motari anayesubiri abiria.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sauti mbaya ni aibu tu, hurekebishwa. Lakini kichwa kinachosoma disiki huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na disiki inayotikisika hulazimika kurudia kusoma palepale mara nyingi ili ipate njia yake. Ndani mle mna harusi za watu waliokwisha kufariki.

Sasa mambo ya vise zenyewe. Sisi tunasema vise, ndugu zetu wa Dar na Nairobi wanasema skrubu. Kwa jina lolote, jua kwamba ndani ya kompyuta kuna koo mbili za vise ambazo haziozani. Ukoo wa kwanza unaitwa 6-32, ni wa kipimo cha inchi cha Marekani: sita ni namba ya unene, ambao ni karibu milimita 3.5, na 32 ni idadi ya meno katika inchi moja. Huu ndio unaoshika disiki kubwa ya inchi 3.5, unashika alimentasyo, na mara nyingi unashika pia ubavu wa kasha. Ukoo wa pili ni M3, wa milimita: unene milimita 3, na kutoka jino hadi jino nusu milimita. Huu hushika disiki ndogo ya inchi 2.5, yaani ya laptopu au SSD (disiki isiyozunguka), na kisomeo cha DVD. Chukua vise mbili zenye urefu wa milimita 5. Ya 6-32 utaihesabu meno kama sita, mapana kama ngazi ya kupandia darini. Ya M3 ina kumi, yamebanana kama ya kitana.

Mimi sikuyajua hayo wakati natoka nyumbani na noti ya dola kumi.

Nilianza mjini kati, kwenye duka la kompyuta lenye vioo, mashine ya baridi na kijana mwenye shati lililopigwa pasi. Jina la duka nalificha. Nikamweleza. Akaniambia: "Yaya, vise peke yake hatuuzishe. Uchukue kasha nzima, iko dola makumi ine." Nikamwambia kasha ninalo, ninachokosa ni vise nane. Akafikiri, akafungua droo, akatoa kisacheti kilichoandikwa kwamba vise zake zinafaa kila kompyuta. Dola kumi. Ndani zilikuwa ishirini, nyeusi, zinang'aa. Nilipiga hesabu ya nusu dola kwa vise moja, roho ikauma, nikalipa.

Nyumbani zikaingia kwenye disiki kwa kidole tu, laini kama siagi. Nikafurahi! Nikazikaza kwa turnevise (bisibisi), zikazunguka, zikazunguka, zikaendelea kuzunguka. Kisha nikaivuta moja kwa kucha, ikatoka bila kuzungushwa. Zote ishirini zilikuwa M3. Katika tundu la 6-32 vise ya M3 ni kama mguu wa mtoto ndani ya buti la baba yake.

Nikarudi. Kijana yuleyule akaniambia nikaze zaidi, itashika. Nikamwambia haina cha kushika. Akanishauri nitie kole kidogo. Kole, kwenye disiki! Kuhusu pesa yangu, kisacheti kilikuwa kimekwisha funguliwa, basi. Sina ugomvi na bei. Duka lina kodi na mashine ya baridi ya kulisha. Ugomvi wangu ni kwamba mtu anauza kitu asichokijua, na anaposhindwa anakupa gundi. Ukienda kwenye duka la namna hiyo, mwombe akufungie vise mbele yako kwenye disiki yoyote iliyoko pale. Akikataa, umekwisha kupata jibu.

Kenkayeri, yaani maduka ya vifaa vya ujenzi, nilipita tatu, na sitakaa sana hapo. Ni watu wema, wana vise za kila namna za milango na mabati, lakini za chuma zote ni za milimita. M3 inalegea, M4 haiingii. Mmoja alinionyesha vise ya mbao, akaniapia kwamba atailazimisha iingie. Mwili wa disiki ni wa alumini na vise ni ya chuma kigumu. Zikigombana, anayepoteza meno ni disiki. Nikamshukuru, nikatoka.

Aliyeniokoa ni motari. Alinisikia nikinung'unika nyuma yake, akauliza ninatafuta nini, nikamwambia. Akasema, "Mama, vitu vya kompyuta ya kufa viko kwa muzee kule Birere," na badala ya kunirudisha Katindo akakata kona.

Birere mnaijua. Ni sehemu ambayo lava ya Januari 2002 ilipita, na watu wakajenga tena juu ya jiwe lenyewe kabla halijapoa sawasawa. Muzee huyu ana meza moja ya mbao kwenye kijia, kati ya wauza betri na wauza viatu vya mitumba, na nyuma yake kuna mlima wa makasha ya kompyuta yaliyotolewa utumbo. Hana bango. Nikamwamkia.

"Muzee, jambo."

"Jambo sana, mwanangu."

"Natafuta vise za disiki kubwa. Nane."

"Za disiki ao za DVD?"

"Za disiki."

"Sawa. Bengi wanaombaka za disiki, kumbe wanataka za DVD."

Kwa swali hilo moja nilijua nimefika. Mjini niliuliza watu wanne na hakuna aliyeniuliza hivyo.

Meza yake ndiyo inayostahili makala nzima. Chini ya kisahani cha bati amegandisha sumaku aliyoitoa ndani ya disiki iliyokufa, zile sumaku zenye umbo la mwezi mchanga zinazoweza kukubana kidole hadi ulie. Vise anazozifungua siku hiyo zinasimama wima juu ya kisahani kama miiba ya nungunungu, hakuna inayoanguka hata mteja akigonga meza. Tatizo ni kwamba mchanga wetu mweusi nao unaipenda sumaku: kisahani kimeota ndevu, na kila baada ya muda muzee anachukua kipande cha skochi, anakibandika na kukibandua, ndevu zinatoka. Kando kuna mikebe mitatu ya nyanya. Haikuandikwa kitu, maana mvua hufuta maandishi. Kila mkebe umebandikwa vise moja nje kuonyesha kilichomo.

Na mbele ya mteja kuna disiki moja iliyokufa, imepigiliwa mezani kwa ukanda wa bati, na ubavuni mwake kisomeo cha DVD kilichokufa pia. Hivyo ndivyo vipimo vyake. Hakuna vise inayoondoka mezani kabla hajaizungusha kwa vidole ndani ya mojawapo. "Kidole kwanza, turnevise nyuma," alisema. Ikizunguka mara tatu kwa kidole bila kugoma na bila kuchezacheza, ni yenyewe. Ikigoma mwanzoni kabisa, ni ya ukoo mwingine, usiilazimishe. Ikiingia yote kwa raha na inatikisika, ndiyo kama zangu za dola kumi.

Nilizitoa hizo za dola kumi kwenye mkoba, nikamwonyesha. Hakucheka. Alichukua moja yangu na moja yake, akazilaza mgongo kwa mgongo ili meno yakutane, akaziinua mbele ya mwanga wa mbingu. Jino la kwanza lilikutana, la pili likapanda juu ya la mwenzake, na mwanga ukapenya katikati. Kisha akachukua mbili zake mwenyewe, akafanya vilevile. Hapakuwa na mwanga. Kipimo hicho hakihitaji chombo chochote, nami tangu siku ile nimekitumia hata kwa vise za miwani ya mama yangu.

Katika kuchagua nane alizitupa tatu zilizokuwa za meno sahihi. Nikamuuliza kwa nini. Zilikuwa ndefu. Bati la kasha lina unene wa milimita moja hivi, na ndani ya disiki milimita tatu hadi tatu na nusu zinatosha kushika. Kwa hiyo vise ya milimita 5 inafaa. Ile ya milimita 8 au 10 inapita mwisho wa tundu, inaweza kupasua alumini au kufika kwenye kadi ya umeme iliyo tumboni mwa disiki. "Ndefu haishike zaidi," alisema, "inauwa tu." Zile ndefu anawauzia wanaofunga alimentasyo.

Bei ni franka 200 kwa vise moja. Nane ni 1600. Nikampa noti ya 2000, akapapasa mifuko, noti ndogo hakuna. Akanitazama, nikamtazama, akaokota nyingine mbili na kuzipima kwenye disiki yake kama zile za kwanza, akanipa badala ya chenji. Sijui mahali pengine Goma ambapo chenji hupimwa kwanza.

Asidhani mtu kwamba kila kitu kwake ni asali. Katika vise kumi, moja ilikuwa na kutu kichwani na nyingine msalaba wake umekwisha kuliwa, ilibidi niirudishe kesho yake. Aliibadilisha bila maneno, lakini safari ya pikipiki ilikuwa juu yangu. Meza haina paa. Mvua ikinyesha anafunika kila kitu kwa shiti (turubai) na hauzi, hata ukimwambia umetoka mbali. Jumapili hayupo, na Jumamosi asubuhi ni salongo (usafi wa pamoja wa mji), kwa hiyo usiende kabla ya saa tano. Risiti hana. Picha hataki, ndiyo maana hapa hamna picha. Na kama kasha lako ni la aina mpya, lile lenye vibao vya plastiki na pete za mpira za kuzuia mtetemo, lazima ubebe kibao chenyewe umwonyeshe: hizo zinataka vise yenye shingo ndefu laini chini ya kichwa, meno yakiwa nchani tu, na siku niliyokwenda alikuwa nazo mbili peke yake.

Wiki mbili baadaye, wakati disiki zangu zimekwisha kukazwa, ndipo kikafika kile kiboksi nilichokuwa nimemwagiza binamu yangu anayekwenda Kampala kununua nguo. Ni boksi la plastiki lenye vyumba vingi, vise mia tatu, kila chumba kimeandikwa juu ya kifuniko: M2, M2.5, M3, 6-32. Dola nane, na soda ya binamu. Maandishi yalisema kweli. Nilizipima zote kwa ile hila ya mgongo kwa mgongo. Ila chuma chake ni laini. Nilitumia turnevise yenye msalaba namba 2, ndiyo inayozifaa 6-32, na bado vichwa viwili viliharibika kabla sijakaza hata nusu. Za muzee, zilizotoka kwenye makasha ya kizamani, unakaza na kufungua mara kumi bila kovu. Uzuri wa boksi ni mwingine: lina zile vise ndogo kabisa za M2, urefu milimita 3, zinazoshika SSD nyembamba za aina iitwayo M.2, kitu ambacho muzee hauzi. Alinieleza sababu: ikianguka, macho yake hayawezi kuiona tena. Kama una karakana, nunua boksi. Kama unatafuta vise nane, ni kununua gunia la unga kwa ajili ya uji wa mtu mmoja.

Kukaza kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kufuta vumbi. Vise nne kwa kila disiki, mbili kila ubavu. Nilianza zote nne kwa vidole, ndipo nikakaza kwa zamu: moja mbele kulia, inayofuata nyuma kushoto, kisha zilizobaki, ili disiki isikae upande. Usitie nguvu za kufungulia gurudumu la gari; ikigoma, simama. Zile M3 ishirini za dukani zilipata kazi hatimaye: nne zimeshika SSD yangu kwenye kibao chake, vizuri tu. Dola kumi kwa vise nne, hesabu mwenyewe.

Usiku ule nikarekodi tena ukimya wa chumba, dakika moja. Mstari wa 90 ulikuwa karibu umetoweka. Ule wa 120 ulishuka sana lakini haukufa, bado uko pale kama kikohozi cha mtu mzima. Nilikata shambrere (mpira wa ndani ya tairi) kuukuu ya pikipiki, nikaweka vipande vinne chini ya miguu ya kasha, na sasa maikrofoni haiusikii isipokuwa niutafute. Skochi ya miaka mitatu ilitoka na kuacha gundi ya kahawia ubavuni mwa disiki zote mbili. Niliifuta kwa alkoli kidogo kwenye kitambaa, mbali na kadi ya umeme.

Vise mbili za chenji, ile yenye kutu na mwenzake, nimezitia kwenye kichupa cha dawa ya macho kilichokauka, nikakibandika ndani ya ubavu wa kasha pamoja na turnevise fupi. Kichupa kina kifuniko cha kuzungusha. Siku ya kukimbia tena, hizo nane zitaingia humo na zenyewe, kikombe kibaki cha chai.